Wito Ambao Shangazi Hakuufunga

Nianze na jambo ambalo mtaa mzima unalijua: shangazi yangu anaogopa kupanda kiti. Sijasema mlima. Kiti. Balbu ikiungua nyumbani kwake anakaa gizani mpaka mtu apite nje, kisha anamwita kwa sauti tamu kama mgombea anayeomba kura. Mapazia yake nimeyatundika mimi. Siku paka wake alipopanda juu ya kabati akashindwa kushuka, shangazi alisimama chini akimbembeleza kwa maneno matupu, mpaka ikabidi nimwache mteja na nywele nusu, nivuke barabara kwenda kumshusha paka.

Na huyohuyo ndiye aliyeshika redio ya askari wa mlima tangu ujana wake. Mtu akipotea kwenye ukungu huko juu, akivunjika mguu, akikwama mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili, sauti ya shangazi ndiyo inayowaongoza askari mpaka wamfikie. Mlima anaujua kwa masikio tu. Askari walikuwa wakimtania, "Shangazi, wewe unalijua kila jiwe huko juu, lakini hakuna jiwe hata moja linalokujua wewe." Naye huwajibu, "Ndiyo maana mimi natembea sawasawa na nyinyi mnakuja hapa mnachechemea." Wote walimwita shangazi, ingawa mwenye haki na jina hilo ni mimi. Baba yangu alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja.

Chumba cha redio kiko mwisho wa korido ya kituo, baada ya stoo ya kamba. Ukiingia unapokewa na harufu ya makoti ya mvua yanayokauka na chai iliyochemka kupita kiasi. Meza iko chini ya dirisha, na dirisha linatazama lango la uani, ambalo kila askari anayerudi lazima apite. Kushoto kuna redio za mkononi zimepangwa kwenye chaja, vitaa vyake vinapepesa. Kulia kuna ramani ya mlima iliyobanduka pembe. Kiti kina mto alioushona mwenyewe, na ole wako uukalie.

Sasa nisikilize vizuri, maana mambo yote yanaanzia hapa. Timu ikitoka kwenda kuokoa, shangazi anafungua wito. Anatangaza redioni kwamba timu imetoka, ni watu wangapi, na wanamfuata nani. Wakirudi, haufungi wito kwa sababu mtu kamwambia wamerudi. Anaufunga akiwaona kwa macho yake wakipita langoni. Ndiyo sheria ya kituo, na ilitungwa baada ya wito mmoja wa zamani kufungwa kwa maneno ya kusikia, kumbe mwenzao mmoja bado yuko korongoni anapuliza filimbi. Tangu siku hiyo ni macho kwanza. Hata Mkuu wa kituo mwenyewe akija kusema, "Wote wako kantini, Shangazi, funga," shangazi anavaa viatu vyake anakwenda kantini.

Kuna wito mmoja tu hakuufunga, na huo ni wa baba yangu.

Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Baba na wenzake wawili walitoka asubuhi ya mvua kumfuata kijana aliyekwama upande wa pili wa Bega. Bega ni ule mgongo wa mawe ulio chini ya kilele. Kutoka mjini unaonekana kama bega la mtu aliyekupa kisogo. Walipanda haraka, na mchana baba akaita, "Tumemfikia. Yuko mzima, anatetemeka tu. Ova." Shangazi akamjibu. Muda mfupi baadaye redio ilileta kishindo, halafu ikawa kimya. Akaita, akaita tena. Aliyekuja kumjibu hakuwa mdogo wake. Ilikuwa sauti ngeni, ya kijana anayelia, inasema mawe yameporomoka. Askari walikuwa wamemsukuma yeye ndani ya kijipango na kumpa redio aishike. Wao walikuwa nje.

Shangazi hakulia. Alikaa kwenye mto wake akaongea na yule kijana mpaka timu ya pili ilipomfikia. Alimwambia ajifunike na nini, akae vipi, asisinzie. Alimuuliza habari za mama yake, za kazi yake, na timu yake ya mpira, na alipotajiwa timu hiyo akamwambia basi ana sababu nyingine ya kulia. Alimtoa hai. Halafu akaweka kipaza sauti chini, na kwa jinsi wanavyosimulia, akaenda kuosha vikombe vyote vya kantini, vichafu na visafi.

Baba na wenzake hawakushushwa. Mawe yale yana ukubwa wa vyumba, na kuyagusa ni kuyaita mengine. Wako hukohuko. Kwa hiyo hawakupita langoni, shangazi hakuwaona kwa macho, na wito ukabaki wazi. Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, alibonyeza kitufe akasema, "Timu ya Bega, mnanisikia? Ova." Alisubiri kidogo, akanywa funda la chai, kisha akaendelea na shughuli za siku. Askari wa zamani waliokuwa doria walinyamaza mpaka apite hapo, kila mmoja alipokuwa.

Utasema ni wazimu. Mimi pia nilisema, tena mbele yake. Akanijibu kwamba mtu anayeshinda akiongea na nywele za bandia asimfundishe yeye nani wa kuongea naye.

Sasa yule kijana aliyeokolewa. Ni fundi saa. Kwenye ukumbusho wa kwanza, familia za marehemu zilipokusanyika uani pale kituoni, alijitokeza katikati akasema, "Mimi ndiye ule mzigo waliokwenda kuubeba." Tangu siku hiyo jina lake ni Mzigo, na anaitika. Kwangu amekuwa mjomba. Harusi yangu alikaa upande wetu, na wanangu wakiharibu saa wanamkimbilia yeye kabla sijajua. Lakini na shangazi hawasemezani, na si kwa ugomvi. Shangazi alipokwenda kumwona hospitalini, kijana wa watu alifungua mdomo ili ashukuru, na shangazi akamziba kwa kiganja. "Usiongee," alimwambia. "Nikiisikia sauti hiyo nayasikia mawe. Siku nikiweza nitakwambia."

Mzigo akakubali, akanyamaza. Duka lake ni mlango wa tatu kutoka saluni yangu. Shangazi akipeleka saa kutengenezwa wanaongea kwa vidole na nyusi, mpaka wateja wageni humhurumia Mzigo wakidhani ni bubu. Shangazi akishavuka barabara, Mzigo hurudiwa na maneno yake yote pamoja na riba.

Aliyeumia hapo katikati ni mimi. Baba sikumjua. Mtu pekee aliyekuwa naye mwishoni anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu, ana kumbukumbu kali na ulimi mzima, na kila nikimwomba anisimulie anatikisa kichwa. "Wa kwanza kusikia ni shangazi yako. Nimejiapiza. Wewe ni wa pili, mwanangu. Foleni haijasogea." Nimekua, nimeolewa, nimezaa, na foleni haijasogea. Kuna siku nilitamani kuwafungia wote wawili chumba kimoja, nikae mlangoni na ufunguo.

Halafu mwaka huu mambo yakachangamka, na yalichangamshwa na kosa ambalo lisingeweza kutokea kazi nyingine yoyote duniani.

Shangazi alikuwa anakaribia kustaafu. Binti wa kurithi kiti alishapatikana, mwerevu, mwenye sauti safi, na alikuwa akifundishwa kila siku, ingawa mto alikatazwa. Wakati huohuo kituo kilipokea askari wapya, na mmoja wao alikuwa na bidii za kupitiliza, wa kupiga pasi hata kamba za viatu. Asubuhi moja huyu Pasi alikuwa doria na mwenzake, mgeni kama yeye, wakafika Begani. Hakuna aliyewaambia habari za ule wito wa asubuhi, maana wakongwe hawauzungumzi, wanaunyamazia tu. Basi Pasi akasikia redioni, "Timu ya Bega, mnanisikia? Ova." Akatazama huku na huku. Bega ni hapa, timu ni sisi. Akabonyeza kitufe na kujibu kwa heshima zote, "Tunakusikia vizuri sana. Ova."

Nilikuwa namsuka mteja karibu na dirisha la saluni, linalotazamana na kituo. Niliona mlango wa kituo ukifunguka kwa kishindo na shangazi akitoka peku, kikombe bado mkononi, akikimbia kama msichana. Alikwenda mpaka langoni akashika nondo, akawa anaitazama barabara ya mlimani. Sijui nilivukaje barabara. Nilipomfikia aliniambia, bila kunitazama, "Wamejibu." Binti wa redio alikuwa nyuma yake, mikono kichwani, akisema, "Shangazi, ni wale wageni, ni wale wageni." Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, alitazama miguu yake kama miguu ya mtu mwingine, akaomba viatu.

Jioni Pasi alipoteremka na kuambiwa alichofanya, alilia kuliko shangazi. Shangazi ndiye aliyembembeleza, akamwambia amejibu kwa sauti nzuri, wengine humung'unya.

Lakini Mkuu wa kituo hakuliacha jambo hilo lipite. Ni mtu mpole, mwenye masharubu yaliyotangulia cheo chake, na alianza kazi chini ya baba yangu. Alimwita shangazi ofisini, nami nikaingia bila kuitwa.

"Shangazi," alisema, "nimenyamaza miaka yote hii kwa sababu na mimi waliniuma. Lakini siwezi kumrithisha mtoto wa watu wito ulio wazi. Kabla hujakabidhi kiti, uufunge. Ukishindwa nitaufunga mimi."

"Kwa macho ya nani?"

"Kwa cheo changu."

"Cheo hakina macho."

Mkuu akavuta pumzi. "Basi nenda ukawaone walipo."

Kila mwaka siku ya ukumbusho familia hupanda na askari mpaka Begani, na kila mwaka shangazi hubaki. Husema redio haiachwi peke yake. Wote tulijua kwamba sababu si redio, ni kile kiti cha kubadilishia balbu. Kwa hiyo Mkuu alisema vile akiwa na uhakika wa jibu, na mimi pia nilikuwa nao.

"Nitakwenda," shangazi akasema.

Mkuu alipaliwa na mate yake mwenyewe. Mimi nilijikuta nimekaa kwenye kiti cha wageni. Na nikwambie kweli, sikumfikiria shangazi peke yake. Niliiona foleni ikitikisika.

Ukumbusho ulikuwa umebakiza wiki chache tu, na baada yake mvua huanza na ngazi hufungwa. Ngazi hiyo ni ya chuma, imepigiliwa kwenye ukuta wa jabali, na hakuna njia nyingine ya kufika Begani isipokuwa uwe ndege. Ikimshinda mwaka huu, kiti kinaondoka, Mkuu anafunga wito kwa cheo chake, na shangazi anakwenda kuzeeka akijua kwamba yaliyomrudisha nyumbani mdogo wake ni masharubu ya Mkuu.

Tukaanza mazoezi. Siku ya kwanza nilimpandisha kwenye stuli ya saluni, ile fupi ya kuwekea miguu. Alisimama pale akiwa ameshika kichwa cha mteja wangu kwa mikono miwili, na mteja akavumilia kwa sababu alikuwa anacheka. Wiki iliyofuata tulihamia ngazi za jengo la posta, ghorofa kwa ghorofa. Alipanda akiwa amebandika mgongo ukutani, akinitukana kwa sauti ya chini ili watu wa ofisi wasisikie. Halafu mnara wa tangi la maji pale uani pa kituo. Askari walijipanga kutazama. "Mpanda ngazi hushuka, Shangazi," mmoja akampigia kelele. "Na asiyepanda hana haja ya kushuka," akamjibu kutoka kipago cha pili, "na ndiyo maana mimi nimemaliza shule na wewe hukumaliza." Alifika nusu ya mnara. Usiku wake aliota ameanguka, akaamka akanipigia simu kuniuliza kama yuko chini.

"Uko chini, Shangazi. Uko kitandani."

"Kitanda hiki nacho kiko juu sana," alisema.

Siku ikafika. Tuliondoka alfajiri, familia tatu, askari sita, Mkuu mbele. Mzigo alikuja na koti lake jeusi la kila mwaka. Alimsalimu shangazi kwa kuvua kofia, shangazi akamjibu kwa kuinua kidevu. Binti alibaki redioni, peke yake kwa mara ya kwanza, na nilimwona kupitia dirisha amekaa pembeni kabisa mwa kiti, mto haujaguswa.

Nakwambia, kwenye msitu shangazi alikuwa anatamba. Alikuwa akitaja kona kabla hatujazifikia. "Hapa pana kijito, ukivuka kuna mti umeanguka," na kweli, kijito na mti. Alikuwa kama mtu anayekutana ana kwa ana na rafiki wa kuandikiana. Aligusa mawe. Alimuuliza Mkuu mahali fulani ni wapi, akaonyeshwa, akasema, "Nilidhani ni pakubwa zaidi, kwa vile ulivyolia redioni siku ulipokwama hapa." Wote wakacheka, Mkuu akiwa wa kwanza. Nikaanza kuamini kwamba tutafika tukiwa tunacheka hivihivi.

Ngazi ikatunyamazisha. Inapanda moja kwa moja, nyembamba, na siku hiyo ukungu ulikuwa umeificha juu. Mkuu alitangulia na kamba. Mzigo akafuata, halafu familia nyingine, wakatoweka mmoja mmoja. Pasi alimvika shangazi kofia ngumu, akamfunga mkanda, akakagua kila kifungo mara tatu, akamwambia kamba inashikwa juu na watu wawili, hata akiachia mikono hawezi kwenda popote. "Mwanangu," shangazi akamwambia, "hilo la kuachia mikono usinikumbushe." Akapiga moyo konde, akaanza. Mimi nilikuwa chini yake, pua yangu kwenye visigino vyake.

Alipanda vizuri mpaka katikati. Hapo upepo ukaja, ukungu ukapasuka kidogo tu chini yetu, na akaona. Aliona msitu, mto, na mji wetu wote ukiwa mdogo wa kuweza kufunikwa na sinia. Akakumbatia ngazi kwa mikono miwili, akafumba macho, akawa sehemu ya chuma.

"Shangazi, mguu wa kulia," nilimwambia.

Alizidi kukikumbatia chuma.

"Shangazi, ni mimi. Twende."

"Niacheni hapahapa," alisema. "Mtakuwa mnaniletea chakula."

Nilicheka, kisha nikaona kwamba hatanii. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwambia habari za paka. Pasi alijaribu kutoka chini, Mkuu kutoka juu. Hakuna aliyemsogeza hata kipago kimoja. Upepo ukaongezeka na matone ya kwanza yakaanza kugonga kofia. Nikasikia sauti ya Mkuu ikitoka ukunguni, nzito, ya mtu anayetoa amri asiyoipenda: "Tutamshusha. Pasi, jiandae kumpokea. Shangazi, samahani. Nitaufunga mimi mwenyewe nikirudi."

Nilitaka kulia kwa hasira. Alikuwa amebakiza nusu ya ngazi. Nikaona machozi yakimtoka shangazi chini ya kope zilizofumbwa, na bado mikono haikufunguka. Kamba ikakazwa.

Ndipo mtu mwingine akaongea kutoka juu. Haikuwa sauti kubwa, lakini sisi wote tuliokuwa kwenye ngazi tuliijua, na sote tulijua kwamba haikutakiwa kusikika hapo.

"Mwacheni ashuke," Mzigo alisema. "Na wewe Mkuu usijisumbue. Wito huo nitaufunga mimi. Sheria si inasema macho? Mimi ndiye niliyewaona kwa macho. Yeye hakuona kitu."

Nilihisi ngazi nzima imetetemeka. Shangazi alifumbua macho.

"Nani kakuruhusu kuongea?" alisema.

"Hakuna. Nimejiruhusu."

"Nilikwambia nitakwambia mimi."

"Ulisema ukiweza. Naona huwezi. Nipeni hiyo redio."

"Usiiguse." Mguu wa kulia ukapanda. "Usiiguse redio hiyo, wewe Mzigo, nakwambia." Mguu wa kushoto. "Mtu nimekutoa kwenye shimo kwa mdomo wangu, leo unanijibu." Mkono, mguu, mkono. Nilikuwa nahangaika kumfuata. Alikuwa anapanda huku akitukana, matusi mengine sijawahi kuyasikia hata saluni, na askari wa juu walikuwa wakivuta kamba iliyolegea kwa haraka mpaka mmoja akaanza kucheka. Hakuangalia chini tena. Sidhani kama alikumbuka kwamba kuna chini. Aliibuka juu ya jabali, akasimama bila kushikwa, akamwendea Mzigo moja kwa moja, akamkamata kola ya koti jeusi kwa mikono miwili.

"Ulikuwa unanichokoza," alisema.

"Kidogo," Mzigo akajibu. "Lakini nililosema ni kweli."

Walitazamana. Nilidhani atampiga kofi. Badala yake aliweka paji la uso kwenye kifua chake na kubaki hapo, kola bado mkononi, na Mzigo hakujua mikono yake aiweke wapi mpaka mwishowe akaiweka mabegani mwake. Ukungu ulikuwa unakimbia juu ya Bega. Mawe yalikuwa mbele yetu, yametulia, yameota nyasi katikati. Kwa kweli mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kwa sauti, na siombi radhi.

Shangazi alijifuta uso, akanyoosha mkono, na Mkuu akampa redio.

"Kituo, kituo, hapa Bega. Ova."

"Nakusikia, Shangazi," binti alijibu. "Nakusikia. Ova."

"Nina wito wa kufunga."

Redio ilikwaruza kidogo. Binti alikuwa amefundishwa na aliyemfundisha, kwa hiyo hata kama sauti ilimpasuka, aliuliza maswali yote kwa mpangilio wake. Timu gani? Timu ya Bega. Walitoka wangapi?

"Watatu," shangazi akasema, "kumfuata mmoja."

"Umeona kwa macho yako?"

"Naona."

"Wamerudi wangapi? Ova."

Aliyatazama mawe kwa muda, moja baada ya jingine, midomo ikicheza. Nilijua anatafuta namba ya kusema na haipo. Kisha akageuka. Mzigo alikuwa amesimama na kofia mkononi, kola imepinda pale aliposhikwa, nywele zimeingia mvi. Shangazi alimtazama kuanzia viatu mpaka utosini, polepole, vile anavyowatazama wanaopita langoni.

"Amerudi mmoja," alisema. "Yule waliyemfuata. Nimemwona kwa macho yangu. Kazi waliyotumwa wameifanya. Nafunga."

"Wito umefungwa," binti alisema, kisha akasahau kuachia kitufe, na mlima mzima ukamsikia akilia.

Shangazi alimrudishia Mkuu redio. Akatafuta jiwe la kukalia, akakaa, akamvuta Mzigo kwa mkono akae upande mmoja, na mimi akanivuta upande wa pili.

"Haya," alimwambia. "Ongea."

"Nianzie wapi?"

"Alipokufikia."

Mzigo alinitazama mimi kwanza, halafu yeye. Alilamba midomo. Miaka yote hiyo alikuwa ameyahifadhi maneno hayo, na sasa nilimwona anaogopa kuyashika vibaya.

"Alinikuta nalia," alisema. "Akaninyoosha mguu, akauangalia, akasema, 'Kaka, usilie. Redioni yuko dada yangu. Dada yangu hajawahi kumpoteza mtu.'"

Nilimshika shangazi mkono. Alikuwa ameyakazia macho mawe.

"Mwongo huyo," alisema hatimaye. "Alijua vizuri sana kwamba nilishampoteza mkaguzi wa misitu, mtu mzima, pamoja na punda wake." Akaanza kucheka, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na mimi nikacheka naye, kwa sababu nilikuwa nimemsikia baba yangu akidanganya.

"Endelea," alimwambia Mzigo. "Usiruke kitu."